Homa Iliposhuka Njiani Kuelekea Jeddah

Asubuhi hiyo nilitoka Batha, mjini Riyadh, bila kujua ninakwenda wapi. Mkataba wangu wa kupakia mizigo bohari ulikuwa umekwisha, ikama yangu, kile kibali cha kukaa nchini, ilikuwa bado hai kwa miezi michache, na kitanda changu kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine, Mganda mmoja aliyesimama mlangoni na mto wake kifuani akisubiri niamke. Nikamwachia. Sijawahi kuona uchungu kuacha kitanda. Hata shule niliiacha darasa la saba kwa ugonjwa huohuo wa kutaka kuondoka. Sikuwa mjinga, ila dirisha la darasa lilitazama barabara kuu, na kila lori lililopita nilitaka kujua linaishia wapi.

Kwenye mkahawa wa Wayemeni, nilipozoea kununua chai ya maziwa, nilimkuta rafiki yangu dereva. Ni mtu wa Kitui, mpana, mwenye kicheko kinachowafanya watu wa meza nyingine wageuke. Alikuwa akiendesha gari la familia moja ya Kisaudi yenye nyumba mbili, moja Riyadh na nyingine Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah. Gari lilikuwa limeegeshwa nje, limejaa hadi madirishani.

"Unahama tena?" akaniuliza akilitazama begi langu.

"Nahama."

"Kwenda wapi?"

"Sijaamua."

"Wewe utazikwa na begi mgongoni. Panda, naenda Jeddah. Madam na watoto walitangulia kwa ndege, na baba yuko huko tayari. Mimi nimeachiwa mazulia, masufuria na huyo."

Huyo alikuwa kasuku wa kijivu ndani ya kizimba, amefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma kama abiria. Alinitazama kwa jicho moja, akasema kwa Kiarabu, "Yalla, yalla," twende, twende.

"Ndiye msimamizi wangu," dereva akasema. "Nikipunguza mwendo ananigombeza."

Niliweka begi miguuni tukaondoka. Hapo ndipo nilipoona anakanyaga mafuta kwa kisigino, na kifundo chake cha mguu kimefungwa kitambaa cha kichwani kilichokatwa vipande. Nikamuuliza. Akasema ni mwiba wa mtende. Mtunza bustani alikuwa likizo, na baba kabla ya kusafiri alimwambia apunguze makuti yaliyokauka uani. Alipokuwa akishuka ngazi, shina la kuti moja lilimchoma juu kidogo ya kifundo. Mwiba ulivunjika. Alichomoa kile alichokiona.

"Umeenda kliniki?"

"Kliniki ya nini, na dawa ninayo?"

Dawa yake ilikuwa ile ya rangi mbili. Mtu wa kwetu akitoka Kenya kuja huku, hata asipobeba kitu kingine, atabeba unga wa ugali na kapsuli za rangi mbili zilizobaki kwenye droo ya mamake. Ukijikata, huzimezi. Unaifungua moja kama unavyofungua kalamu, unamwaga ule unga juu ya kidonda, unafunga. Nimefanyiwa hivyo utotoni, na mimi nimewafanyia wengine. Yeye alikuwa amefanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na homa ilipoanza akawa anameza vidonge vya kuishusha.

"Na baba anajua?"

"Awe anajua kwa nini?" Akacheka, lakini si kile kicheko cha meza nyingine. "Yule Mkamba mwenzangu wa Malaz alivunjika mkono. Kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, alimsikitikia sana, akamnunulia na tiketi ya kurudi nyumbani. Mimi nina mtoto ambaye sijamshika. Anatembea sasa. Namwona kwa simu tu. Nikirudi mikono mitupu nitamwambia nini, kwamba nilichomwa na mti?"

Niliwasha redio.

Barabara ya kutoka Riyadh kwenda magharibi haina mengi ya kukushughulisha. Ni mchanga, ngamia nyuma ya uzio, vituo vya mafuta vyenye msikiti na duka, kisha mchanga tena. Mimi napenda barabara kama hizo. Nilikuwa nikisoma vibao kwa sauti na kumuuliza maswali ambayo hakuyajibu. Kabla ya adhuhuri aliniambia nizime kipoza hewa. Nje lami ilikuwa inachemka, na yeye alikuwa anatetemeka hadi usukani ukatetemeka naye. Nilimgusa mkono. Ulikuwa wa moto kama birika.

"Simama kwenye kituo kijacho," nikamwambia. "Nitaendesha mimi." Leseni ya hapa nilikuwa nayo, kwa sababu bohari walinitumia kupeleka mizigo kwa gari dogo.

Tulisimama. Nikanunua wali na kuku. Hakuugusa wali. Alimeza vidonge viwili vya homa, akanywa chupa nzima ya maji, akahamia kiti cha pembeni na kuegemeza kichwa kwenye kioo. Alianza kupumua haraka haraka, pumzi fupi fupi, kama mtu aliyetoka kupandisha gunia ghorofani. Nikajiambia ni usingizi wa homa.

Tulipokaribia Taif, milima ikianza kuonekana, nilimgusa tena. Alikuwa amepoa. Shingo ilikuwa na jasho, lakini baridi. Paji la uso, baridi. Nilifurahi mpaka nikapiga usukani kofi.

"Buda, homa imeshuka."

Akafumbua macho. "Imeshuka?"

"Jiguse mwenyewe."

Akajigusa shavu kwa mkono uliokuwa mzito, akatabasamu. "Si nilikwambia dawa ninayo." Kisha baada ya muda akauliza, "Ng'ombe wameingia?"

"Ng'ombe gani? Wewe hata kuku huna."

"Waambie wafunge lango."

Nilicheka. Kasuku naye, akisikia kicheko, akacheka vilevile kama madam wake. Tukawa wawili tunaocheka ndani ya lile gari. Mpaka leo nikikumbuka hilo nywele za mikono zinasimama.

Tuliteremka milima. Karibu na Makka kuna kibao kinachowaonyesha wasio Waislamu njia ya kuzunguka. Sisi ni Wakristo, tukachepuka kama wanavyochepuka madereva wote wa kwetu, bila hata kufikiri, na ile njia ni ndefu zaidi. Nakumbuka nilifurahia kuona upande wa mlima ambao sikuwa nimeuona.

Kabla ya kuingia Jeddah tulikuta kizuizi cha polisi. Jua lilikuwa chini na askari aliyetusimamisha alikuwa kijana, amekunja mikono ya shati. Alichukua ikama zetu, akamwangalia dereva, akaangalia picha yake, akamwangalia tena.

"Ana nini huyu?"

"Alikuwa na homa," nikamwambia kwa Kiarabu changu cha bohari. "Halas, sasa imekwisha. Amelala."

Askari alizunguka hadi upande ule, akafungua mlango, akaweka mgongo wa mkono kwenye shavu la rafiki yangu. Hakuutoa haraka. Akamwita. Akamwita tena kwa sauti kubwa. Dereva alifumbua macho, lakini hayakutazama mahali popote. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Mimi niliyekuwa nimekaa karibu naye tangu Taif sikuiona ile midomo, kwa sababu nilikuwa naangalia barabara na kushangilia.

"Huyu hajalala, sadiki," askari akasema, akiniita rafiki. "Nifuate."

Akaingia kwenye gari lake, akawasha taa za juu, nikamfuata nyuma kama mtu anayeota, huku kasuku akisema yalla, yalla.

Hospitalini walimchukua pale pale mlangoni, juu ya kitanda cha magurudumu. Hakuna aliyeuliza kuhusu karatasi. Waliukata mguu wa suruali kwa mkasi, wakakata na kile kitambaa, na chini yake nikaona nilichopaswa kukiona asubuhi. Juu ya kifundo palikuwa na ganda la unga mweupe lililogandamana kama saruji, na kuzunguka ganda hilo ngozi ilikuwa nyekundu iliyokolea hadi karibu na goti, inang'aa. Daktari alibonyeza kwa kidole na chini ya lile ganda usaha ukatoka pembeni. Mtu mmoja alisoma namba za presha kwa sauti na mwingine akamwambia apime tena. Akapima tena. Zilikuwa zilezile.

Nilisukumwa nje kwenye korido. Huko alinijia muuguzi mwenye ubao wa kuandikia, akanitazama uso, akaniuliza kwa Kiswahili cha Nakuru kabisa, "Wewe ni nani wake?"

Nilitaka kumkumbatia. "Ni mtu wa kwetu."

"Mtu wa kwetu si cheo. Ndugu?"

"Andika ndugu, sista."

"Kidonda kina muda gani?"

Nikamweleza: mwiba, unga wa rangi mbili, vidonge vya homa, kutetemeka njiani, hata wale ng'ombe aliowauliza. Alikuwa anaandika haraka.

"Homa ilishuka lini?"

"Karibu na Taif. Tulifurahi sana."

Kalamu ikasimama. "Mlifurahi."

"Alikuwa baridi, sista. Baridi kabisa."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema taratibu, "Ile haikuwa homa kushuka, kaka. Mwili ulikuwa umeanza kushindwa. Damu ilikuwa haifiki kwenye ngozi. Na kuhusu ng'ombe, hiyo ni damu kutofika vizuri kichwani." Akaingia ndani na ubao wake.

Niliketi kwenye kiti cha plastiki hadi adhana ya alfajiri. Simu ya dereva walikuwa wamenipa ndani ya mfuko, pamoja na viatu vyake. Ilikuwa inaita na kuita, na kwenye kioo lilikuwa limeandikwa neno moja, Baba. Nilijua ni gari, ni mazulia, ni kasuku. Nilijua pia kwamba nikipokea, kile alichokuwa anakificha kitakuwa kimetoka mkononi mwangu. Kulipopambazuka nikapokea.

Baba huyo, mzee wa Kisaudi, alifika kabla sijamaliza kahawa niliyopewa na mlinzi. Alikuwa na kanzu ya nyumbani na ndala, bila kilemba, macho mekundu. Nilisimama kama anavyosimama mtu anayengoja kufukuzwa kazi ambayo hata si yake. Nilimwonyesha ufunguo wa gari. Hakuuchukua.

"Yuko wapi?"

"Ndani, baba. Hakuna kuingia sasa."

"Kimemtokea nini?"

"Mwiba, baba. Wa mtende. Pale uani Riyadh."

"Siku gani?"

Nikamwambia. Akakaa kwenye kile kiti changu cha plastiki, akashika kichwa. "Mbona hakuniambia? Babangu alikatwa kidole kwa mwiba wa mtende. Mjomba wangu goti lake halikukunja tena. Hapa kila mtoto anajua: mwiba wa mtende ukivunjikia ndani, unakimbia kwa daktari siku ileile. Siku ileile. Nilidhani kila mtu anajua."

Sisi hatukujua. Kule Kitui kuna miiba ya kila aina na watu huichomoa kwa pini wakiendelea na mazungumzo. Na yule mzee hakujua kwamba hatujui, na hakujua kwamba mtu wake anaweza kukaa na moto mguuni na kumwamkia kila asubuhi kwa simu akisema yote salama. Tulikaa pale wawili, tumepigwa na butwaa, kila mmoja kwa upande wake. Baadaye alituma mtu kuchukua gari na vyote vilivyokuwemo. Kuhusu kasuku hakuuliza hata neno.

Walimpasua kifundo asubuhi hiyo. Kipande cha mwiba kilikuwa kimelala kando ya mfupa. Waliosha, wakaacha jeraha wazi, wakamrudisha wodi ya wagonjwa mahututi akiwa na bomba la kupumulia. Niliruhusiwa kumwona kupitia kioo. Uso ulikuwa umevimba kwa maji waliyomtilia, na ncha za vidole vya mguu, hata vya ule mguu ambao haukuchomwa, zilikuwa zimeanza kupata weusi.

Weusi ule ndio ulionishtua kuliko bomba. Mguu mmoja ndio ulioingiwa na mwiba. Vidole vya mguu mwingine vilikosa nini?

Yule sista wa Nakuru alipotoka kwenda mapumzikoni nilimfuata na swali hilo. Alikuwa na mkate wa mayai mkononi na alikuwa anataka kuula kwa amani. Aliponitazama akajua hataula kwa amani.

"Wewe uliishia wapi shule?"

"Darasa la saba. Ila maswali sikuyaacha."

"Naona." Akasogea akanipa nafasi kwenye benchi. "Haya. Bakteria waliingia na mwiba. Wakafika kwenye damu. Lakini wanaomuumiza sasa hivi si bakteria peke yao. Ni mwili wake mwenyewe."

Nilidhani amekosea kusema. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Kisha akanieleza, na mimi ninaandika hapa kama nilivyoelewa. Juu ya chembe nyeupe za damu, na juu ya chembe nyingine nyingi za mwili, kuna vitu vidogo mno vinavyoitwa vipokezi. Tunazaliwa navyo. Havikufundishwa na ugonjwa wowote wala chanjo yoyote. Kila kimoja kinatambua kitu cha aina fulani ambacho kwa kawaida mwili wa mtu hauna, kama vile kipande cha ganda la bakteria. Hakijui jina la bakteria, hakijali alitoka kwenye mwiba au kwenye nyama iliyooza. Kikigusana na ganda tu, kinapiga king'ora. King'ora hicho ni kemikali zinazomwagwa kwenye damu: mishipa inapanuka na kuvuja ili wapiganaji wapite, damu inaganda ili adui asisambae, joto linapanda.

"Hiyo ni nzuri," nikasema.

"Ni nzuri kwenye kifundo cha mguu. Ndiyo maana mwiba ukikuchoma panavimba, halafu unapona, unasahau. Sasa fanya ganda la bakteria lifike mwili mzima, vipokezi vya mwili mzima vipige pamoja. Mishipa yote inapanuka. Yote inavuja. Presha itatoka wapi? Damu inaganda kwenye mishipa midogo, kwenye figo, kwenye vidole vya mguu ambao haukuchomwa."

Kisha nikakumbuka bohari letu. Darini kulikuwa na mabomba ya kunyunyiza maji moto ukitokea. Siku moja kona moja ilishika moto, boksi chache tu, na mabomba yote ya bohari yakafunguka kwa pamoja. Moto uliunguza kona. Maji yaliharibu kila kitu kuanzia ukuta hadi ukuta, na tulikuwa tunabeba katoni zilizolowa zikitupasukia mikononi.

Nikamsimulia. Aliitikia kwa kichwa huku akitafuna. "Karibu na hapo. Ila moto ulikuwepo kweli, usisahau. Tusingeuzima angekuwa ameshakufa."

"Basi mna dawa ya kuuzima moto. Funga na mabomba. Zima hivyo vipokezi."

"Ungekuwa umeajiriwa maabara," akasema. "Wamefikiria hilo kabla yako. Wapo panya waliozaliwa na kipokezi kimoja kisichofanya kazi. Ukiwadunga sumu ya ganda la bakteria waliokwisha kufa, ile ambayo panya mwingine inamwua, wao hawashtuki. Wanaendelea kula."

"Si ndiyo hiyo?"

"Ngoja. Wape bakteria hai. Wachache tu, ambao panya mzima angewamaliza asijue hata walikuja. Hao wanakufa. Hakuna aliyepiga king'ora, bakteria wanazaliana kimya kimya mpaka basi." Alikunja karatasi ya mkate. "Kwa watu wamejaribu dawa za kuziba kipokezi hicho mtu akishaugua hivi. Haikuleta uponyaji waliotarajia. Mtu akifika hapa, king'ora kimeshalia zamani."

Nimezunguka sana maishani na nimeona mambo, lakini sijui kama kuna jambo lililowahi kuniganda kichwani kama lile. Kwamba kinachomlinda mtu na kinachomwua ni kitu kimoja, kimekaa juu ya chembe ileile tangu tumboni mwa mama, na huwezi kung'oa kimoja ukaacha kingine. Nilijitazama mikono. Mimi pia ninavyo. Yule mlinzi wa mlangoni anavyo, kasuku bila shaka ana vyake.

"Na mbona yeye?" nikauliza. "Mimi nimechomwa na misumari isiyohesabika. Nimewahi kupakwa hata mafuta ya gari kwenye kidonda."

"Usinitafutie jibu moja. Watu hatukuzaliwa na vipokezi vinavyolingana kabisa. Wapo ambao vyao ni vizito kushtuka, wapo ambao ni vyepesi mno. Halafu kuna kina cha mwiba, kuna aina ya bakteria, kuna kuchelewa." Alisimama. "Kuchelewa ndiko tunakokuona sana hapa. Mtu anameza vidonge vya homa, anasikia nafuu, anaendelea kuosha magari. Kidonge kinashusha homa tu. Na ule unga wenu unakaa juu ya ngozi, mwiba uko kwenye mfupa unawasikiliza."

"Sasa mnafanya nini?"

"Tumetoa mwiba. Tunaua bakteria kwa dawa inayopitia mshipani. Tunabana mishipa ili presha isimame. Tunampumulia. Halafu tunangoja mwili wake uamini kwamba vita vimekwisha. Ukiona ninachungulia chini ya kitanda, naangalia mfuko wa mkojo. Figo zikirudi nitajua umeanza kuamini."

Basi nikawa na kazi. Nililala kwenye viti vya wageni, nikiondolewa na walinzi wa zamu moja na kuvumiliwa na wa zamu nyingine, na kila sista alipopita niliuliza swali moja tu. Alikuwa anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Mfuko ulikuwa mkavu, au una vijiko viwili vya kitu cha rangi ya chai ya rangi. Mzee wa Al-Rawdah alikuja kila jioni baada ya kazi, akasimama kwenye kioo, akaniuliza nimekula nini, akaondoka. Siku moja alileta simu aongee na mke wa dereva kupitia kwangu. Nilitafsiri maneno yake huku akilia: kwamba kazi ya mumewe ipo, kwamba asiwaze hilo. Mke aliniuliza kwa Kikamba, ambacho nakijua nusu, "Huyo anayelia ni nani?" Nikamwambia ni kafili. Kisha akauliza kama mumewe anasikia akiongeleshwa, nikashikilia simu kwenye kioo ingawa hakuna sauti inayopita pale, na mtoto akasema neno lake moja analolijua.

Sijawahi kukaa mahali pamoja hivyo bila miguu kuwasha. Haikuwasha. Nilishangaa nilipogundua.

Hatimaye sista alinisimamia mbele akiwa ameziba pua kwa mzaha. "Kaka, wewe unanuka. Wagonjwa wangu wana matatizo ya kutosha. Nenda Kandara, tafuta kitanda, oga."

"Na kama..."

"Nambari yako ninayo. Nenda."

Kandara sikuwa nimewahi kufika. Ni mtaa wa zamani wa Jeddah, watu wengi, maduka madogo ya simu na sabuni na nguo za kazini, harufu ya samaki wa kukaanga, Kiamhari upande huu, Kibengali upande ule, na ghafla Kiswahili kutoka dirishani, mtu akimgombeza mwenzake kuhusu sufuria. Nikakifuata kile Kiswahili ngazini hadi juu. Alinifungulia mzee mwembamba wa Kizanzibari, kikoi kiunoni, fulana nyeupe kabisa. Ndiye aliyekodi nyumba ile na kupangisha vitanda.

"Karibu bwana. Kitanda kipo. Ikama unayo?"

Nikamwonyesha.

"Kazi yako?"

"Sina kwa sasa. Namwuguza mtu."

"Na wataka kukaa muda gani?"

Katika miaka yote ya kupanga vitanda, jibu langu kwa swali hilo limekuwa wiki, au tuone. "Mpaka atoke hospitali," nikamwambia.

"Na asipotoka?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu mzima aliyepangisha vitanda siku nyingi. Kabla sijajibu, simu ikalia mfukoni. Ilikuwa ujumbe wa sauti wa sista, na nyuma yake nikisikia mashine zikilia. Kwa haraka nikaubonyeza kwa sauti ya juu bila kutaka, na chumba kizima kikasikia.

"Kaka, mtu wako amekojoa. Mkojo wa kweli, si vile vijiko. Na presha tumeanza kupunguza dawa, inasimama yenyewe. Bomba bado lipo, na vidole viwili vya mguu daktari hana hakika navyo, usimwahidi mkewe. Lakini amekojoa. Oga sasa."

Nilikaa kwenye kitanda cha karibu bila kuuliza ni cha nani. Kijana mmoja aliyekuwa anapiga pasi aliinua macho, akamtazama mzee, mzee akanitazama mimi.

"Mtu mzima kakojoa," mzee akasema taratibu, "nawe walia?"

"Figo zake zilikuwa zimesimama."

"Ewaa." Akafikiri. "Basi alhamdulillahi. Hebu nyanyuka, hicho ni cha mwenzio. Chako kile pale chini, karibu na soketi. Bafu mlango wa pili, maji ya moto yaja baada ya muda, usiyakatie tamaa. Ndala waacha nje."

Nilichomeka simu, nikavua viatu, nikaenda kungoja maji ya moto.